Spika Mbili za Mzee Shaame

Silima Shaame wa Mgogoni alikuwa hodari wa kufufua spika kuukuu. Ukumbini kwake hunyooshi mguu bila kugusa sumaku. Lakini tuseme kweli, kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko hizo sumaku.

Baba yao, Mzee Shaame, alipofariki, yeye na dada yake Time waligawana mirathi mpaka jozi ya spika za mbao: moja ikabaki Mgogoni, moja ikaenda Tumbe. Watu wazima, na akili zao. Ukaja uchaguzi wa tisini na tano, kila mmoja na chama chake, na Silima akamwambia dada yake mbele ya watu asikanyage tena kwake. Time akayashika maneno hayo. Miaka minne hakukanyaga.

Sasa Laila, binti yake Silima, anaolewa. Kwa ukoo wao bibi harusi hupakwa hina na shangazi, na shangazi mwenyewe ni huyo mmoja tu. Silima chakula kilimshinda. Akapanda baiskeli hadi Tumbe kuomba radhi. Alipofika mlangoni ulimi ukawa mzito. Akasema amekuja kuitazama spika, kama nayo imeliwa na mende.

"Huendi nayo peke yako," Time akasema. "N'taileta mwenyewe, nikuone unavoitenda."

Kesho yake akashuka kwenye gari la samaki, spika kaifunga kanga. Akaketi kizingitini, ndani hakuingia. Silima akaitengeneza kama alivyoitengeneza yake: ukingo wa koni, ile karatasi inayotikisika, ulioliwa na mende akaubandika upya kwa kitambaa cha mwavuli kilichopakwa gundi ya mpira, akachomea waya mpya, na ndani ya boksi akashindilia sufi ili sauti isivume ovyo. Akaijaribu, ikanguruma vizuri. Akaziunganisha zote mbili, akatia kanda ya taarab. Waimbaji wakasikika, ngoma ikapotea kabisa.

"Moja moja zalia," Time akasema kutoka mlangoni. "Zikiwa pamoja zauana. Basi hapo kosa la yangu, au vipi? Kwa ajili ya kyama kyangu?"

Silima alitamani kukubali. Akafungua nyuma, akaona: yake ndiyo aliyoichomea waya kinyume, ikawa yake ikisukuma hewa, ya dada inaivuta. Angeweza kuzigeuza kimya kimya, na nani angejua?

"Yako nzima, dada," akasema. "Yangu ndo niloigeuza. Kosa langu, tangu siku ile. Niwie radhi."

Akazigeuza waya. Ngoma ikarudi, nene, mpaka vikombe vikatikisika kabatini. Time akausikiliza wimbo hadi mwisho. Kisha akavua viatu, akaingia ndani.

"Laila asipakwe hina na mtu," akasema. "N'takuja nayo mwenyewe Alhamisi."