Nilivyoyaona Meno ya Plastiki

Nianze na ujinga wangu, msije mkausikia kwa majirani: mie ndiye niliyesema mdogo wangu ana meno ya plastiki. Nilisema kwa utani.

Alikuwa na miezi saba, siku ya tatu anaharisha, mwili wa moto, kalia hadi sauti inakwaruza. Mama alikuwa kazini kiwandani, ambako simu wanaziachaga getini. Nyumbani kwetu Mtoni tulibaki mie, niliyekuwa likizo ya kidato cha pili, na bibi mzaa baba, aliyekuja kutoka Masasi kulea mjukuu.

Mie na bibi tuna utani wetu. Ananiita mume wangu, namwita mke wangu, na hakuna neno langu alilowahi kulichukulia kwa uzito. Nikimwambia nimefaulu hesabu, anacheka hadi anajifuta machozi. Nikilalamika njaa, ananiambia nikaoe mwingine anayejua kupika.

Mchana ule nilimfunua mtoto mdomo. Kwenye fizi ya juu, huku na huku, palikuwa na vivimbe viwili vyeupe. Nikakumbuka maneno ya wanawake wa bombani, kwamba mtoto akiharisha sana kaota meno ya plastiki, na yasipong'olewa anakufa. Shuleni tulikuwaga tunacheka habari hiyo. Basi nikabana pua kama mtangazaji wa redio:

"Tangazo, tangazo! Mke wangu, mtoto ana plastiki mdomoni. Tumpeleke kwa wanaonunua chupa!"

Bibi hakucheka. Alikuja akaingiza kidole, akapapasa.

"Umeyaona huku na huku?"

"Bibi, natania."

"Nimekuuliza, umeyaona?"

"Nimeona uvimbe tu."

"Basi umeona." Akajifunga kanga kiunoni, akambeba mtoto.

Njia nzima nilimfuata nikiapa kwamba ni utani. Miaka yote nasema kweli ananicheka. Siku hiyo nimetania, kaamini.

Mng'oaji aliishi nyuma ya soko. Nilitegemea kibibi cha kutisha, kumbe ni mama mpole, akaniuliza na habari za shule. Kisha akatoa spoku ya baiskeli iliyonolewa ncha, akaifuta kwenye kanga yake.

"Baba, shika miguu. Kama unaogopa, angalia pembeni."

"Naogopa nini mie?" nikasema. Ndiyo maneno yangu ya mwisho pale. Ningeweza kumnyakua mtoto nikakimbia, na kwa mbio nilizonazo wale wamama wawili wasingeniona hata kisigino. Nilishika miguu.

Alichimba upande wa kulia, kisha wa kushoto. Miguu ilinipiga kifuani, ilinipiga, halafu ikaacha kupiga. Akatuonyesha kiganjani vitu viwili vyeupe, laini kama punje za hindi bichi. "Plastiki hizo," akasema. Bibi akamshukuru Mungu. Na mie kwa muda mfupi niliamini, maana kuamini kulikuwa na nafuu.

Mama aliporudi, mtoto alikataa ziwa. Alilishika mara moja, akaliachia akilia, na damu ikabaki kwenye blauzi.

"Kafanywa nini huyu?"

Bibi akajibu kwa fahari kabisa, "Mkwe wangu, tumeshamtoa plastiki. Mume wangu huyu ndiye aliyeyaona."

Mama alimbeba mtoto. Alichukua kadi ya kliniki akatoka, nami nyuma yake.

Hospitali, daktari wa meno alikuwa dada mdogo tu. Alimulika kinywa cha mtoto.

"Mama, hakuna meno ya plastiki. Walichotoa ni chonge zake, zilikuwa bado zinajijenga ndani ya fizi. Kuharisha ni ugonjwa mwingine, tungemtibu hapahapa."

"Zitaota nyingine?"

"Hizi za utotoni, hapana. Za ukubwani zinaweza kuja zimepinda, au zisije. Lakini kwanza apone. Uchafu wa chuma walichotumia umeingia kwenye damu."

Tulilazwa siku nane. Nasema tulilazwa kwa sababu nilikuwa nalala chini ya kitanda chao. Siku ya pili nilijaribu kumchekesha mama, nikasema mtoto kavimba kama andazi. Ilikuwa kweli: shavu lote, na jicho moja limefumba. Mama aligeukia ukutani. Siku ya tatu nesi alikuja kumtazama kila baada ya muda mfupi, na hakuna aliyetuambia kwa nini.

Siku ya sita akashika ziwa, akanyonya. Pale ndipo nilipomweleza mama ile sehemu ambayo bibi hakuisema: kwamba nilimshika miguu. Mama alinisikiliza bila kumtoa mtoto kifuani, kisha akasema:

"Siku atakayouliza meno yake yako wapi, asije kwangu wala kwa bibi yako. Nitamleta kwako. Na hiyo miguu umwambie."