Mpishi wa Wana Matope na Jiwe la Mama Yake

Jua la Mpitimbi halijapanda vizuri, lakini sufuria la supu ya mbuzi limeshaanza kutoa povu. Ekaristia Luambano analiengua kwa upawa, anakwepa moshi, kisha anageuka kuitazama barabara ya mtoni kama mtu anayesubiri mgeni.

Nyuma yake magari yananguruma. Kuna Landrova za zamani ambazo rangi yake ya kwanza haikumbukwi na mtu, na kuna Landkruza zenye mkonga wa kuvutia hewa juu ya maji. Yote yamevaa matairi ya kashata, yenye meno makubwa ya kukamata tope. Wenye magari wanazunguka wakibishana upepo wa matairi upunguzwe kiasi gani, na kila mmoja ana jibu lake.

Hawa ni Wana Matope, kikundi cha wafanyabiashara, mafundi na walimu wa Songea mjini ambao kila mwaka, mvua zikielekea kuisha, hukusanyika hapa wikendi nzima kuendesha porini na kula. Wapo watu mkoani Ruvuma wanaolia kwa sababu ya matope, na wapo hawa wanaoyafuata kwa mafuta yao wenyewe. Gari likizama hadi mlangoni wanashangilia, wanapiga picha, ndipo wanakumbuka kulivuta kwa winchi.

Anayewalisha ni Ekaristia, mwenye umri wa miaka 57, mama lishe wa Majengo anayejulikana zaidi kama Mama Victor. Siku mbili za hapa humwingizia zaidi ya wiki nzima ya mgahawa wake, na hilo halifichi.

"Shikamoo mama. Hii supu itatuua," anasema dereva mmoja akinyoosha kikombe.

"Marahaba. Itakuua wewe unayetaka ya pili wakati wenzio hawajapata ya kwanza."

Wanacheka. Lakini leo Mama Victor hayupo sana kwenye utani. Amevaa kitenge kipya na raba nyeupe, mavazi ambayo hakuna mpishi mwenye akili angeyaleta jikoni. Makande na mboga, likolo kama anavyoita mwenyewe kwa Kingoni, amemkabidhi Pamela, mke wa mwanawe Victor. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuwapikia watu hawa, ameahidiwa kiti ndani ya gari.

Anakwenda kwao.

Ng'ambo ya mto, juu kidogo ya mteremko, kulikuwa na kijiji alichozaliwa. Mama yake, Getruda, alifariki yeye akiwa na miaka mitano na akazikwa nyuma ya nyumba, karibu na mianzi ya kugemea pombe ya ulanzi ambayo baba yake aliipanda. Mwaka uliofuata ikaja operesheni ya serikali ya vijiji vya ujamaa, watu wakahamishiwa huku barabarani. Walibeba walichoweza. Jiwe la kusagia la mama halikubebeka.

"Lori lilikuwa limejaa," anasema. "Baba akasema tutalirudia. Mimi nililia njia nzima, nikadhani mama atakosa pa kusagia."

Alirudi mara moja tu, akiwa msichana mkubwa, kupalilia kaburi pamoja na baba yake. Baadaye gogo la kuvukia lilichukuliwa na maji, njia ikaota msitu, baba akafariki, na magoti ya Ekaristia yakaanza kumgomea. Bodaboda ukiwaambia habari za kule wanakuuliza kama unawatakia mabaya.

Mwaka jana, watu wakiwa wanakula, Muhsini, dereva kutoka Namtumbo ambaye ndiye anayetangulia kwenye njia mbaya, alimwonyesha picha kwenye simu. Alitaka aone jinsi walivyobadili tairi mahali wanapopaita Jeki. Wamepaita hivyo, alimweleza kwa furaha, kwa sababu kuna jiwe bapa lenye shimo katikati, na jeki ikikaa pale haitelezi hata ardhi iwe imelowa vipi.

Nyuma ya jeki kulikuwa na mianzi. Na jiwe lilikuwa limemeguka upande mmoja, pale ambapo unga wa mama yake ulikuwa ukidondokea kwenye ungo.

"Nilimwambia picha ni nzuri, nikaenda kuongeza chumvi kwenye mboga ambayo ilikuwa na chumvi tayari," anakumbuka. "Ningesema nini? Watu walikuwa wanakula."

Alikaa na jambo hilo mwaka mzima. Lilimtoka juzi tu, mwenyekiti wa kikundi, Athanasi Mapunda, alipofika mgahawani kupanga chakula na kusema kwamba njia ni ileile, hadi Jeki na kurudi.

"Pale Jeki ni kwetu," Mama Victor alimwambia. "Lile jiwe ni la mama yangu, Getruda."

Athanasi, ambaye anauza vipuri Majengo, anasema alishindwa kumaliza wali wake. "Nimeshapigia jeki pale mimi mwenyewe, si mara moja. Nikamwambia mama, safari hii unakaa mbele, pembeni yangu."

Msafara unaondoka, Athanasi akiwa ameshawasimulia madereva wote jiwe ni la nani. Mama Victor ameshika mpini wa mlango kwa mkono mmoja na rozari kwa mwingine, na kila gari linapolala upande anamtaja Mtakatifu mpya. Athanasi anamtania kwamba wataishiwa Watakatifu kabla ya mto. Naye anajibu kwamba dereva akiendesha vizuri watabaki wa kutosha.

Mtoni kicheko kinakoma. Mvua imenyesha huko juu, na maji yamekuwa mekundu, yana haraka. Muhsini anaingia na fimbo, anapima. Yanamfika kiunoni, na chini, anasema, mawe yamehama.

Athanasi anashuka, anayatazama maji. Kisha anakuja upande wa abiria.

"Mama, gari tupu naweza kulihatarisha. Wewe siwezi."

"Nimezaliwa ng'ambo hiyo, mwanangu."

"Najua, mama."

Hakuna ugomvi. Mama Victor anashuka, anakunja kitenge kisiguse tope, anakaa kwenye gogo. Gari la Muhsini linavuka, maji yakipanda hadi kwenye taa, na jingine linafuata. Wengine wanabaki. Inauma kumwona mtu aliyevaa kwa ajili ya safari akikaa hivyo, akitazama migongo ya magari ikipotelea porini.

Baada ya muda anaonyesha kwa kidole mteremko wa mbele, kushoto kwa mti mkavu. Kuna vichwa vya kijani vinavyoyumba juu ya vichaka. "Ile ndiyo mianzi ya baba," anasema. "Ipo. Si pichani tu."

Redio ya upepo ya kuwasiliana na magari mengine, ndani ya gari la Athanasi, inakoroma. Ni sauti ya Muhsini.

"Mwenyekiti, tumefika Jeki."

Inakoroma tena.

"Samahani. Tumefika kwa Mama Getruda."

Mama Victor anasimama, licha ya magoti yake. Baadaye atasema kwamba jina hilo hakuwa amelisikia kinywani mwa mtu mwingine tangu baba yake afariki. Kila Novemba, kwenye misa ya marehemu wote, hulisema mwenyewe, kimoyomoyo. Athanasi anamvutia redio, anamwonyesha kitufe. Anakibonyeza kwa nguvu.

"Hodi," anasema.

Anasubiri. Hakuna jibu. "Hodi huko," anarudia, na uso unaanza kumbadilika, mpaka Athanasi anapoona kwamba bado amekamata kitufe, na kitufe kikikamatwa hakuna anayeweza kujibu. Anamwinua kidole taratibu.

"Karibu, mama," inakuja sauti ya Muhsini. "Karibu ndani."

Nyumba haipo kwa zaidi ya miaka hamsini. Hata hivyo Mama Victor anafuta raba zake kwenye nyasi, kama mtu anayetaka kuingia.

Muhsini anaeleza kwamba wamelifagia jiwe, na jeki sasa watakuwa wakiiwekea ubao. Kaburi hawajaliona kwa sababu ya nyasi. Walitafute?

"Msilitafute, mtalikanyaga," anajibu, safari hii akikumbuka kuachia kitufe. "Nitakuja kulionyesha mwenyewe."

Athanasi anashauri jiwe lipakiwe, alipeleke nyumbani Majengo leo hii. Mama Victor anakataa bila kufikiri sana. Mjini, anasema, litakuwa jiwe tu, na wajukuu watalikalia. Pale lilipo lina mwenyewe.

Kambini Pamela ameachia makande yashike chini, na Mama Victor anamsema kidogo, kwa mazoea. Kisha anasonga ugali. Wana Matope wanakula kwa vidole vyenye udongo, wanasimuliana jinsi maji yalivyopanda, na kila simulizi maji yanaongezeka. Yeye anagawa, anaongeza, anafunika. Macho yake bado yako kule mtoni.

Athanasi amemwahidi Agosti, maji yakipungua. Hawatasubiri kikundi, ni gari moja tu na fyekeo. Anasema ahadi hiyo hataisahau kwa sababu anakula kwa Mama Victor kila siku, na hana pa kukimbilia.

Mama Victor ameshapanga atakachobeba: mshumaa, jembe, sufuria dogo, na mahindi kidogo tu, ya ugali mmoja. Atayasaga palepale, kwenye jiwe.

"Nimelisha watu wengi kule mjini," anasema, akikwangua ukoko wa ugali sufuriani. "Mama yangu bado hajaonja ugali wangu."