Ombi Lililotupwa Jalalani

Mume wangu alikuja Usambara kutoka nchi ya Nyasa, ng'ambo ya ziwa, akiwa kijana, akafanya kazi ya kuchuma chai, akanioa mimi Mshambaa, na habari ya kurudi kwao ikaishia hapo. Tulipopata Uhuru tukaambiwa waliozaliwa nchi nyingine waombe uraia. Akaomba. Yeye hakujua kusoma. Mimi nilikuwa nimefika darasa la tatu misheni ya Mlalo, kwa hiyo barua zote zilikuwa kazi yangu.

Ya kwanza ilisema ombi lake “limepokelewa”. Tukachinja jogoo. Ya pili ilifika imelowa mvua. Nikaisoma mlangoni: “Ombi lako limewekwa kwenye jalala. Subiri.”

“Jalala?” akauliza.

“Ndivyo walivyoandika.”

“Wamelitupa, halafu nisubiri. Nisubiri nini, lioze?”

Asubuhi akavaa koti lake la harusi, akabeba jembe, tukaenda Lushoto kwa miguu. Nyuma ya ofisi ya wilaya tulikuta shimo la taka. Akanipa koti nimshikie, akashuka. Alikuwa ameshafukua maganda ya ndizi na utepe wa taipureta alipotokea karani kijana.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba,” akajibu bila kuinua kichwa.

“Umepoteza kitu?”

“Mmepoteza nyinyi. Natafuta ombi langu la uraia.”

Karani akanitazama. Nikampa barua. Akaisoma, akauma midomo asicheke, kisha akanionyesha neno kwa kidole. “Mama, hili umelisomaje?”

Nikalitazama tena. Lilikuwa “jalada”, lile faili la kutunzia karatasi. Nilitamani na mimi nishuke shimoni.

Alituingiza ofisini, akatoa jalada la kahawia. Mume wangu aliomba maji, akanawa, ndipo akalishika kwa mikono miwili.

“Humu nimo mimi?”

“Umo, mzee.”

“Basi lifunge vizuri, nisidondoke.”

Tukaanza kurudi nyumbani. Tulipofika Soni akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kando ya wauza kabichi, nao wakacheka bila kujua sababu.

Miezi ikapita. Barua ya tatu ilisema ombi “limeridhiwa”. Nilikataa katakata kueleza maana yake. Tukampelekea mwalimu wa shule, akasema ni kukubaliwa, sasa mzee ni raia. Mume wangu akamshukuru, kisha akamwomba airudie barua yote tangu mwanzo, polepole, herufi moja moja.