Rangi ya Mdogo Mtu

Picha ya marehemu iliyotiwa rangi siitazami mpaka leo. Mnicheke tu.

Miaka michache kabla ya uhuru nilikuwa mpaka rangi katika studio moja karibu na soko la Kariakoo. Picha zilitoka nyeusi na nyeupe, mimi nazitia rangi kwa pamba iliyoviringishwa kwenye kijiti. Tyubu ya rangi ya ngozi ilitoka Ulaya, nayo ilikuwa ya waridi. Tajiri wangu aliniamuru nimpake kila mtu hiyohiyo. "Wateja wanapenda weupe," alisema. Na wengine walipenda kweli, niseme uongo?

Siku moja mama mmoja wa mtaa wa pili akaleta picha ya binti yake mkubwa aliyefariki kwa homa. Hakuwa na nyingine. Alipokuja kuichukua aliikodolea macho. "Mwanangu, huyu nani? Mimi sikuzaa Mzungu."

Niliona haya, jamani! Nikaifuta ile rangi kwa tapentaini, nikamwomba aniletee mtu wa rangi ya marehemu.

Kesho yake akaja na mdogo mtu, mtoto wa miaka saba hivi. Nikamketisha mlangoni penye mwanga. Nikachanganya kahawia na manjano, na nyekundu kidogo sana, nikawa naijaribu mkononi mwake. Ilipofika mahali haionekani tena juu ya ngozi yake, nikaipaka usoni pa dada yake. Kivuli cha chini ya kidevu sikukigusa. Mtoto alitulia tuli, macho kwenye pamba yangu.

Mama alipoiona alipiga ukelele. "Mwanangu karudi!" Akaikumbatia, akatoka nayo mbio. Mtoto akamfuata nyuma peke yake.

Hazikupita siku nyingi, yule mtoto akapiga hodi. Picha kaificha ndani ya khanga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Anaongea na hii. Anaitengea chakula. Mimi nikimwita haitiki."

Nikamwambia, nitafanyaje sasa, mdogo wangu? Nikupige na wewe picha, mama akuone?

Akatikisa kichwa. Akaiweka picha mezani, akaninyooshea mkono, palepale nilipojaribia rangi.

"Nirudishie rangi yangu."