Dokta Asiyekula kwa Watu

Huku kwetu milimani, juu ya Kwai, watu wanasamehe mengi. Wanamsamehe mlevi. Wanamsamehe hata mwizi wa viazi, mradi alie vizuri mbele ya wazee wa kanisa. Lakini anayekataa chakula chao hawamsamehe. Nasema mapema, usije ukadhani Loveness aliondolewa kwa uvivu au wizi.

Loveness alikuwa afisa mifugo wa kata, sisi tukimwita dokta. Alipanga chumba cha uani kwangu mimi, mama Emanueli, mjane mlima kabichi na karoti. Kwangu alikula kila nilichopika, kwa kuwa sina ng'ombe. Kwenye nyumba yenye mnyama mgonjwa hakugusa hata maji.

Siku moja tukimenya viazi nikamuuliza sababu. Alikulia Vuga. Baba yake alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na maziwa hayo ndiyo yaliyomsomesha kaka yake sekondari. Ng'ombe akashikwa na ndigana, homa ile ya kupe. Bwana mifugo akaitwa, akaja, akakaribishwa kama ilivyo desturi. Akala, akaongezewa, akasimulia habari za mjini, na mzee wa watu, kwa adabu, hakuthubutu kumwambia inuka. Alipoinuka, ng'ombe alikuwa amekwisha kufa. Kaka mtu akaacha shule, na hadi leo anapasua mbao za watu.

"Nilisomea kazi hii ili nikifika nitibu," akaniambia. "Basi. Mshahara serikali inanipa."

"Wasimulie na wengine basi, mwanangu. Hawajui."

"Mimi nimeletwa kutibu, mama, sikuletwa kusimulia."

Na kutibu alitibu, jamani. Masika, matope hadi magotini, pikipiki ya ofisi haina mafuta, yeye anapanda mlima kwa miguu na begi la dawa mgongoni. Ng'ombe wa jirani yangu, bibi Raheli, alishindwa kuzaa, ndama amekwama. Loveness akavua koti, akaingiza mkono hadi begani, akamtoa ndama mzima. Bibi Raheli akatoka jikoni na kikombe cha maziwa na sahani ya viazi. Dokta akanawa, akasema asante bibi, nawahi kwa mwingine, akashuka. Wahenga walisema tenda wema uende zako. Yeye akatenda wema, akaenda zake, na kule kwenda zake ndiko kulikotuuma.

Maneno yakaanzia sokoni. Anajidai. Anatuona wachafu. Mwingine akasema anaogopa kulishwa kitu, maana yake anatuona wachawi. Mtu ambaye hataki chochote kwako anatisha, na watu wakishindwa kujua unachotaka watakubunia chako.

Kisha akamgusa Rubeni. Rubeni ana ng'ombe kutushinda sote, na diwani ni shemeji yake. Ng'ombe wake walichomwa sindano za ugonjwa wa kiwele, na dokta alimwonya asiuze maziwa mpaka dawa iishe mwilini mwao. Yeye akayapeleka kituo cha maziwa yakauzwe pamoja na ya wenzake. Loveness akamkuta nayo, akayamwaga palepale, mbele ya watu. Maziwa yale wangekunywa watoto wetu. Nasi, badala ya kumshukuru, tukamwonea Rubeni huruma!

Diwani akaitisha mkutano wa hadhara kumjadili dokta. Asubuhi ile Loveness aliniambia, "Mama, wakisema nibaki, nitabaki huku mpaka nistaafu." Akaenda akakaa benchi la mbele, mikono mapajani.

Rubeni akasema dokta ana kiburi, hajui kuishi na watu. Diwani, ili ionekane haki imetendeka, akauliza, "Nani amesaidiwa na dokta? Asimame amsemee."

Nikasimama mimi. Wakacheka. "Wewe una ng'ombe gani?"

Ndipo akasimama bibi Raheli, na moyo wangu ukatulia.

"Ndama wangu alimtoa, ni kweli," akasema. "Ila huyu hakuja kwangu. Alikuja kwa ng'ombe. Nilimpa maziwa, akaniacha nayo mkononi mbele ya wakwe zangu. Mtu asiyekunywa kwangu nitamsemea kama nani?"

Akakaa, na watu wakapiga makofi. Nimekwenda mazishi mengi, na machache yaliniuma kama makofi yale. Loveness hakulia. Alikunja kitenge chake, akarudi nyumbani kufunga mizigo kabla hata barua ya uhamisho haijafika.

Alihamishiwa Muheza, upande wa Zirai. Badala yake akaja Alen. Alen anakaa, anakula, anasifia mboga, anauliza habari za wajukuu mmoja mmoja. Ng'ombe wakifa anatoa pole nzuri sana. Watu wakasema sasa tumepata mtu.

Mwezi uliopita ng'ombe wa bibi Raheli alilala chini, masikio ya moto, matezi yamevimba. Alen alikuwa kwa Rubeni, kwenye sherehe ya kipaimara, na kila akipigiwa simu alijibu, "Nakuja, bibi, nakuja." Jua likapinda. Bibi Raheli akapanda kwangu analia.

"Mpigie dokta wetu."

Wetu! Nilimeza hasira yangu, nikashuka naye hadi bandani, nikapiga, nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Nikamweleza hali ya ng'ombe.

"Hiyo ni ndigana. Inataka sindano leo hii, na mimi niko mbali. Mwambieni Alen kwenu kumepikwa. Atakuja."

"Yuko mezani tayari, mwanangu."

"Basi mwambieni cha kwenu ni kitamu zaidi." Hakuwa anatania.

Bibi Raheli akainamia simu. "Na wewe huko, wanakutunza?"

"Wananitunza, bibi. Wakiniita nakaa kwanza, nakula, ndipo naenda kumwona ng'ombe. Huku wananipenda sana."

Ng'ombe alikuwa anakoroma miguuni petu. Bibi Raheli alifuta machozi, na uso wake ukachangamka kabisa.

"Afadhali, mwanangu," akasema. "Afadhali umejifunza kukaa na watu."