Mifuko Miwili ya Damu

Emmaculate, fundi wa kompyuta mzaliwa wa Asumbi, ndiye aliyetengeneza ukurasa wa akiba ya damu katika hospitali moja ya misheni mjini Migori, mwaka 1999. Ulifunguka kwenye kompyuta ya wauguzi kama kurasa za intaneti, ukiwa na sehemu tatu: juu, idadi ya mifuko iliyopo; kushoto, orodha yake; kulia, fomu ya kumtolea mgonjwa mfuko. Kila sehemu ilitunza kumbukumbu yake, na ilipobadilika iliziarifu zile nyingine. Mambo yalikwenda vizuri mpaka wauguzi walipoomba njia ya kumtengea mgonjwa mfuko kabla ya upasuaji. Emmaculate akaongeza kitufe. Kilipobonyezwa kiliiarifu orodha, lakini ile idadi ya juu akaisahau.

Alhamisi moja mchana ikaja simu kutoka zahanati ya Ndhiwa. Mama aliyejifungua alikuwa akivuja damu, kundi O. Muuguzi Nchagwa akatupa jicho kwenye kioo cha kompyuta.

"Iko miwili. Mleteni haraka."

Walipofika, friji haikuwa na hata mmoja. Yote miwili ilitengwa asubuhi, na sasa ilikuwa inaingia mwilini mwa mtu mwingine chumba cha upasuaji. Levis, mume wa yule mama, alikunja shati na kunyoosha mkono. Damu yake haikulingana.

"Si mlisema iko?" aliuliza, tena na tena, mkewe akipakiwa kwenye gari kukimbizwa Kisii.

Mama aliponea chupuchupu. Habari ilifika baada ya siku mbili, na siku zote hizo Emmaculate hakuweza kumeza hata uji. Matroni, mkuu wa wauguzi, alikuwa tayari amemwandikia Nchagwa barua ya onyo kwa uzembe.

Emmaculate akaingia ofisini kwa Matroni.

"Matroni, Nchagwa alisoma kilichoandikwa. Aliyeandika uongo ni mimi."

Matroni aliivuta nakala ya ile barua. "Basi nenda kautoe huo uongo. Na barua itabadilishwa jina."

Alianza upya. Safari hii ukweli aliuweka mahali pamoja, kwenye orodha. Idadi ya juu hakuiachia kumbukumbu yoyote. Kila kilipobadilika kitu, ilirudi kuhesabu kutoka kwenye orodha ile ile. Fomu nayo vivyo hivyo. Akajaribu kutenga, kutoa, kurudisha, kufuta. Nambari hazikupishana.

Nchagwa alikubali kuja kuangalia. "Iko sawa, Madam," alisema.

Simu ikalia. Nchagwa akasikiliza, akasoma kioo, akalaza mkono wa simu mezani, kisha akainuka kwenda kufungua friji na kuhesabu mifuko mwenyewe.