Ndoo ya Bi Mahfoudha

Bi Mahfoudha wa Mtopanga, huko Kisauni, Mombasa, hajawahi kutunga wimbo akiwa ameketi. Hutunga akimtembeza mtoto begani, wake au wa jirani, mizani akizipima kwa hatua, na mtoto akilala ndipo ubeti umekamilika. Nyimbo zake zimewalaza watoto wa nusu ya mtaa. Aliyeziandika ni binti yake, Shaza, akazipeleka kwa mchapishaji mmoja wa Nairobi, naye akajibu kwamba anazitaka, tena kwa ajili ya shule.

Wimbo uliokipa kitabu jina unaanza hivi:

Ndoo, mwanangu mtoto,
nikufute yako mato.

Kwa Kimvita cha nyumbani kwao, ndoo ni njoo, na mato ni macho. Mtu wa Kisauni haelezwi hilo. Mhariri wa Nairobi alihitaji kuelezwa, lakini hakuuliza. Aliziingiza nyimbo zote kwenye programu ya kompyuta inayosahihisha lugha, akaendelea na shughuli nyingine. Programu haikuijua mato, ikaweka macho, kisha ikaupanga mstari upya. Ndoo iliijua, maana kila nyumba ina ndoo, ikaiacha ilivyo. Mchoraji naye akapewa jina la kitabu, "Ndoo, Mwanangu", akachora alichosoma.

Kwa hiyo siku ya uzinduzi, katika ukumbi mmoja wa Nyali, Bi Mahfoudha alikiona kitabu chake kwa mara ya kwanza: mama kavaa leso, mtoto mgongoni, na mkononi ndoo ya plastiki ya manjano, maji yanamwagika.

Alidhani ni kitabu cha mtu mwingine. Jirani yake Noor alikigeuzageuza, akasema, "Hongera, shoga. Hukutwambia kuwa siku hizi wauza maji."

Wanawake wakacheka. Mahfoudha alifungua ukurasa wa kwanza, akasoma taratibu: "Ndoo, mwanangu mtoto, nikufute macho yako." Akamgeukia binti yake. "Mtoto na yako. Shaza, kina kimekwenda wapi?"

Mama na binti hawakuwa wameletewa hata ukurasa mmoja wauone kabla ya kuchapwa. Na hilo ndilo linalochoma. Lugha iliyotungiwa tenzi kabla Nairobi haijawa na jina, leo inakosolewa kama insha ya mtoto wa darasa la tatu, na mkosoaji ni mashine isiyowahi kumbembeleza mtu. Kisha mwenye lugha anaitwa aje apige picha na ashukuru.

Kioko, mwakilishi wa mchapishaji, hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kwamba vitabu vimeshachapwa na shule zinavingoja muhula huu. Makosa yatarekebishwa chapa ijayo. Vikikataliwa leo, wakubwa huenda wakakiacha kitabu kabisa. Tena, akakumbusha, Mama mwenyewe alitia saini kukubali kuhaririwa.

"Nalitia saini mukosoe makosa," Mahfoudha akasema. "Hili si kosa, mwanangu. Hiki ni kinywa cha mamangu."

"Lakini Mama, watoto wa Machakos wataielewa vipi hiyo mato?"

"Wataambiwa. Kwani wao hawana masikio?"

Kioko akatabasamu bila kupenda; kwao ni Machakos.

Mshereheshaji alipomwita mbele asome na atie vitabu saini, Mahfoudha alikwenda. Alisalimu, akaomba radhi kwa waliotoka mbali, akasema kitabu kilichoko mezani kina jina lake lakini maneno si yake, basi asikinunue mtu. Kisha akaketi, na kalamu aliyoandaliwa akaikalia.

Kioko alisogea pembeni na simu, sauti yake ikasikika hadi mstari wa nyuma.

"Hapana, bosi, si ndoo ya maji. Ni njoo. Ndiyo, hiyo picha nimeiona. Hata yeye ameiona."

Aliporudi, hakumtazama Shaza, ambaye alikuwa tayari analia.

"Wamesema virudi vyote, Mama. Lakini hawaahidi kwamba kitatoka tena."

"Na viregee," Mahfoudha akajibu.

Akainuka, akalishika boksi la kwanza la vitabu upande mmoja, akamngoja Kioko ashike wa pili.